Mtu wenu hajarudi: namna ya kupiga ripoti polisi nchini Kenya, na kuisukuma isilale

Tuanze na lile linalopoteza watu wengi zaidi. Hakuna sheria Kenya inayosema lazima usubiri saa 24 kabla ya kuripoti kwamba mtu amepotea. Hakuna ya saa 48 wala ya siku tatu. Ukifika kituoni saa moja baada ya mtoto kukosekana, ripoti yako ni halali. Ukifika jioni hiyo hiyo kwa sababu mama yako mwenye maradhi ya kusahau hayupo kitandani, ripoti yako ni halali.

Saa 24 zimo kweli kwenye Katiba ya 2010, ila kwa jambo jingine kabisa. Kifungu cha 49 kinasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 tangu akamatwe. Zikiisha nje ya saa za mahakama au siku ambayo mahakama haikai, basi ni siku ya kikao inayofuata. Zinamhesabia polisi aliyemshika mtu. Mama anayemtafuta mwanawe hazimhusu. Ukiambiwa "rudi kesho", kumbuka tofauti hiyo.

Mwongozo huu ni wa Kenya, na mifano mingi ni ya Pwani kwa kuwa ndiko ninakokujua. Bara taratibu ni zizo hizo.

Nusu saa ya kwanza nyumbani

Mpigie mara mbili tatu, halafu acha. Jamaa ishirini wakipiga kwa zamu, chaji itaisha, na simu iliyozimika haitoi fununu ya ilipo. Tuma ujumbe mfupi wa maneno machache na wengine waambie wanyamaze. Usikimbilie kubadilisha laini yake wala kuifunga.

Waulize waliokuwa naye mwisho: ulimwona saa ngapi, wapi, kavaa nini, alikuwa na nani, alisema anakwenda wapi? Andika majibu kwenye daftari, na jina la aliyekujibu na nambari yake. Daftari hilo ndilo litakalokuwa kumbukumbu ya familia mpaka mwisho, kwa hivyo lisiwe karatasi ya kupotea.

Chumba chake kiacheni kilivyo. Watu wa Pwani tuna desturi nzuri ya kufagia na kutandika pale nyumba inapoingia msiba, lakini hapa usifagie, usifue, usitandike. Angalia tu nini hakipo: kitambulisho, pasipoti, dawa, chaja, begi, viatu vya safari. Mtu aliyeacha dawa zake za presha na simu mezani hakupanga safari. Aliyebeba vyeti vya shule na nguo za wiki nzima pengine alipanga. Mambo haya mawili hupelekwa kwa mpelelezi kwa namna mbili tofauti.

Mswaki wake, kitana na nguo ambayo haijafuliwa, viweke kila kimoja kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, unyevu huharibu. Najua ni vigumu kufanya hivyo siku ya kwanza, maana ni kama kukubali ubaya. Fanya hata hivyo, uviweke juu ya kabati, na uombe visihitajike.

Kama aliyepotea ni mtoto, haya yote yafanywe na mtu mmoja huku mwingine yuko njiani kwenda kituoni.

Kituo gani, na uende na nini

Kituo chochote cha polisi kinaweza kupokea ripoti. Lakini kilicho karibu na mahali alipoonekana mwisho ndicho kitakachofanya kazi vizuri zaidi. Kama nyumbani ni Kisauni na alionekana mwisho Mtwapa, basi Mtwapa ndiko waliko mashahidi na kamera za maduka, na Mtwapa iko kaunti nyingine, Kilifi, yenye makamanda wake. Ukishindwa kufika huko usiku, ripoti kituo cha karibu na uombe kipeleke habari kule; kesho yake nenda mwenyewe uhakikishe imefika.

Barua ya chifu haihitajiki. Ni vyema chifu na mzee wa mtaa wajue, kwa sababu wana masikio kila kona, lakini kuwaambia hakuchukui nafasi ya ripoti ya polisi, na polisi hawafai kukurudisha ukailete barua kwanza.

Beba kitambulisho chako. Beba picha yake ya karibuni inayoonyesha uso vizuri. Ya harusi yenye vipodozi vingi haisaidii. Uwe na nambari yake ya kitambulisho na za laini zake zote, pamoja na ile ya siri unayoijua wewe na dada yake tu. Kasha la simu yake likipatikana libebe, kwani lina nambari ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe. Andika urefu wake kwa kukisia, rangi ya nguo, kovu, chale, jino lililong'olewa, maradhi, dawa, jina la utani ambalo mtaa unamjua kwalo. Kama alipanda bodaboda au gari, nambari ya usajili hata nusu yake.

Kwenye meza ya ripoti

Afisa wa zamu ataandika maelezo yako kwenye kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB. Kila tukio hupewa nambari. OB 27/14/03/2025, kwa mfano, ni tukio la 27 lililoandikwa tarehe 14 Machi 2025. Usiondoke bila nambari hiyo. Aliyeongea na afande kwa nusu saa akatoka bila nambari ya OB hajaripoti, amezungumza tu. Iandike kwenye daftari, itume kwa jamaa wawili, na hakikisha kwa macho yako kwamba jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu tofauti kwenye rekodi.

Kuandikisha OB ni bure. Huduma ya kutafutwa ni bure. Hupaswi kudaiwa pesa za mafuta ya gari.

Maneno utakayoyatumia yana uzito. Kama kuna aliyeona mtu wenu akivutwa na kuingizwa kwenye gari, usiseme "amepotea". Sema "ametekwa nyara, na shahidi ni fulani". Kuteka nyara ni jinai tangu dakika ya kwanza, na lazima wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wahusishwe. Vivyo hivyo usifiche kwa kuona haya: ugomvi wa nyumbani, deni, mapenzi, mimba, vitisho kwenye simu, huzuni ya muda mrefu, kauli za kutaka kufa. Familia nyingi hutaja mambo haya wiki ya pili, yakiwa yamechacha. Afisa akisikia kwamba kijana alisema juzi hataki kuishi, namna ya kutafuta hubadilika usiku huo huo.

Wakikuambia ungoje, jibu kwa adabu na bila kupandisha sauti: "Afande, naomba ripoti iandikwe sasa nipewe nambari ya OB. Ikishindikana, naomba kumwona OCS." OCS ni mkuu wa kituo. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, panda ngazi: OCS mwenyewe, kisha kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Unaweza pia kupiga 999 au 112, au laini ya bure ya DCI, 0800 722 203. Mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, IPOA, ina nambari ya bure 1559. Andika jina la afisa aliyekukatalia na saa. Usimtukane; utamhitaji kesho.

Polisi hufanya nini baada ya hapo

OB ni mstari kwenye kitabu tu. Kazi huanza pale afisa anapokabidhiwa suala lako na faili kufunguliwa. Kwa hivyo swali lako la pili, baada ya nambari, ni hili: nani mpelelezi, na nambari yake ya simu ni ipi? Kama bado hajateuliwa, uliza atateuliwa lini, na urudi saa hiyo.

Mpelelezi atakuandikisha taarifa. Una haki ya kuitoa kwa Kiswahili. Isome yote kabla ya kutia sahihi. Ikiwa hujui kusoma, nenda na mtu unayemwamini akusomee. Kosa la saa mbili kwenye taarifa linaweza kumtoa mshukiwa mahali alipokuwa.

Kisha kuna kazi za kawaida. Ujumbe hutumwa kwa vituo vingine ukiwa na maelezo ya mtu na nambari ya OB. Seli za vituo jirani huangaliwa, na hospitali huulizwa. Mpelelezi hufika mahali pa mwisho na kuhoji watu. Kamera za maduka, benki na petroli hutazamwa, na hapa msichelewe, kwani mashine nyingi hufuta picha za zamani zenyewe baada ya siku chache. Wewe mwenyewe unaweza kumwendea mwenye duka leo, umwombe asiziache zifutike, halafu umpe mpelelezi jina lake. Usimlazimishe akupe nakala. Ichukuliwe na polisi ili iwe ushahidi safi.

Kuhusu simu, watu wana matumaini makubwa kuliko uwezo wenyewe. Kampuni ya simu haitakupa wewe rekodi za mtu mzima hata kama ni mwanao. Mpelelezi huziomba kwa njia ya kisheria, kwa kawaida akiwa na amri ya mahakama. Zikija zitaonyesha minara iliyohudumia simu, nani alimpigia na kwa muda gani. Rekodi za M-Pesa zitaonyesha pesa zilitolewa kwa wakala gani. Mnara mmoja hufunika eneo kubwa, kwa hivyo jibu huwa "ilikuwa upande wa Mariakani" na si "ilikuwa nyumba hii". Ndiyo maana majibu yale uliyoandika kwenye daftari ni ya thamani: yakiwekwa karibu na rekodi za minara ndipo picha hutokea.

Nitasema wazi lile ambalo familia nyingi huligundua kwa uchungu. Kituo kinaweza kuwa na gari moja na wapelelezi wachache wenye mafaili ya wizi, mauaji na ajali. Faili la aliyepotea, lisilo na mwili wala mshukiwa, huteremka chini ya rundo pasipo mtu yeyote kukusudia. Linalolipandisha ni jambo jipya. Kila unapopata fununu, hata ndogo, ipeleke na uombe iongezwe kwenye OB. Nenda kwa siku maalumu, mtu yule yule, na swali lililoandikwa: rekodi za simu zimeombwa? Ujumbe kwa vituo ulitoka tarehe gani? Shahidi fulani amehojiwa? Maswali ya namna hii hujibika. "Mmefikia wapi?" hujibiwa "tunaendelea".

Aliyepotea akiwa mtoto

Piga 116, laini ya bure ya watoto, hata kabla hujafika kituoni. Kituoni uliza dawati la jinsia na watoto, na uhakikishe afisa wa watoto wa kaunti ndogo ameambiwa. Shirika la Missing Child Kenya husaidia kusambaza mabango na kuunganisha familia na vituo, bila malipo.

Kumbuka pia upande wa pili wa jambo hili. Mtoto mdogo anayeokotwa stendi bila kujua jina la mtaa wao hupelekwa polisi, na asipojulikana hupelekwa makao ya watoto. Huenda mwanao yuko salama kwenye makao kaunti ya tatu kutoka hapa, wanamwita jina alilolitamka vibaya. Kwa hivyo afisa wa watoto aombwe kuuliza makao, na bango lako litaje jina analojiita mwenyewe nyumbani, hata kama ni "Baba Dodo".

Msichana wa miaka kumi na mitano akiondoka na mwanamume, msikubali maneno ya "ameenda kuolewa". Chini ya miaka 18 hakuna ndoa. Ni kosa la jinai na liandikwe hivyo, hata kama wazee wameshaanza kuzungumza mahari.

Mzee aliyesahau njia, na mvuvi asiyerudi

Mzee mwenye maradhi ya kusahau mara nyingi hufuata njia ya zamani: shamba aliloliuza, nyumba ya utotoni, kituo cha basi alikokuwa akifanya kazi. Tafuteni huko na vichakani karibu na nyumba, maana huweza kukaa chini na asiitike akiitwa. Waambieni polisi tangu mwanzo kwamba hajui jina lake.

Mvuvi akipitiliza siku yake, pelekeni habari kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, cha bandari yenu ndogo, kituo cha polisi, na Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini chini ya Mamlaka ya Bahari. Semeni aina ya chombo, rangi, mashine, idadi ya watu, na uwanja waliokwenda kuvua. Msimu una maana: wakati wa kusi chombo kilichozimika husukumwa kaskazini kuelekea Lamu na Somalia, wakati wa kaskazi huteremka kuelekea Vanga, Tanga na Pemba. Kwa hiyo wavuvi wa Tanzania wapigiwe simu mapema. Hao mara nyingi hukiona chombo kabla ya serikali.

Mnapohisi amekamatwa

Hapa mambo huenda kasi, na hapa ndipo zile saa 24 zinapokuwa zenu. Zungukeni vituo na kuuliza kwa jina. Mtu aliyekamatwa ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao. Vituo vyote vikikana, andikisheni OB ya kutekwa nyara, mkitaja waliomchukua walivyoonekana: idadi, silaha, redio, gari, nambari yake, kama walijitambulisha kuwa polisi.

Kisha nendeni Mahakama Kuu na ombi la habeas corpus, yaani mahakama iamuru aliyemshika amlete. Haki hii iko kwenye Kifungu cha 51, na Kifungu cha 25 kinaitaja miongoni mwa chache ambazo haziwezi kuwekewa mipaka hata siku moja. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kufungua kesi kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, kinasema kesi ya aina hiyo isitozwe ada ya kuifungua, na kwamba mahakama ikilazimu ipokee hata karatasi zisizofuata muundo rasmi. Wakili ni muhimu, lakini umaskini usiwazuie kufika. Mombasa, mashirika ya haki za binadamu ya Haki Africa na MUHURI yamezoea kesi hizi. Kitaifa kuna Chama cha Mawakili na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR.

Hofu ya familia katika hali hii si ya kubuni. Desemba 2024 KNCHR ilitangaza kwamba ilikuwa imepokea visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni mwaka huo, wakati wa maandamano ya vijana. Baadhi waliachiliwa baada ya kelele za umma na amri za mahakama. Nasema hivi ili msinyamaze kwa kuambiwa kwamba kelele zitamdhuru. Wakili awaongoze mseme nini, lakini jina lake litajwe.

Hospitali na mochari

Polisi watauliza hospitali kwa simu. Familia iende kwa miguu. Jina la mtu aliyeletwa bila fahamu huandikwa "hajulikani", kwa hivyo kuuliza kwa jina hakutoshi. Ulizeni mwanamume wa takriban miaka kadhaa aliyeletwa tangu tarehe fulani, wodi ya majeruhi, wagonjwa mahututi, na ya magonjwa ya akili. Kwa Mombasa anzeni na hospitali kuu ya Coast General, kisha za misheni na za kibinafsi zilizo kando ya barabara kuu.

Mochari msimpeleke mama yake. Waende watu wawili wenye moyo, mmoja awe anajua alama za mwili wake. Ulizeni kitabu cha miili isiyojulikana, siku iliyoletwa, kituo kilichoileta na nambari ya OB yake, na nguo zilizohifadhiwa. Uso huweza kubadilika sana; kovu, meno na nguo ndivyo vya kutegemea. Mwili wa mtu mzima usiojulikana huchukuliwa alama za vidole na kulinganishwa na rekodi za usajili wa vitambulisho, kwa hivyo ulizeni kama zimechukuliwa. Kwa aliye chini ya miaka 18, ambaye hajachukua kitambulisho, njia hiyo haipo.

Msiishie kaunti yenu. Januari 2022 nchi ilishtuka kusikia miili iliyokuwa ikiopolewa Mto Yala na kurundikana mochari ya hospitali ya Yala, Siaya. Baadhi ya waliotambuliwa walikuwa watu waliopotelea mbali sana na mto huo. Na rudini mara kwa mara, maana miili isiyodaiwa hutangazwa magazetini kisha huzikwa na kaunti kwa idhini ya mahakama.

Pale macho yanaposhindwa ndipo DNA huingia. Sampuli bora hutoka kwa mama, baba au mtoto wa kumzaa. Ndugu wa tumbo moja huja baadaye. Hupimwa na maabara ya Mkemia wa Serikali, kwa ombi la polisi. Shakahola ilitufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa kanisa moja ilifukuliwa msituni kule Kilifi, na miili ya kwanza haikukabidhiwa familia mpaka Machi 2024, michache sana. Kilichokwamisha, pamoja na uchakavu wa miili, ni kwamba familia nyingi hazikuja kutoa damu. Wengine hawakuwa hata wameandikisha kwamba jamaa wao alihama akafuata kanisa. Msalaba Mwekundu ulifungua dawati la kutafuta jamaa Malindi, na huduma hiyo ya kuunganisha familia haikuwa ya Shakahola pekee. Laini yao ya bure ni 1199.

Bango, redio na matapeli

Bango liwe na picha moja, jina, umri, nguo, mahali na saa ya mwisho, kituo cha polisi na nambari ya OB. Bila OB watu huogopa kulisambaza, na wana haki. Anwani ya nyumbani isiwepo. Weka laini mpya iliyonunuliwa kwa kazi hiyo, ishikwe na mtu mmoja mtulivu anayeandika kila simu. Pelekeni tangazo misikitini na makanisani, stendi za bodaboda, feri ya Likoni, makondakta wa barabara aliyokuwa akiitumia, na redio za hapa kama Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma na Radio Kaya.

Simu za matapeli zitakuja, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mmoja atasema ameokota mtoto na anataka nauli ya elfu tatu. Mwingine ni "afisa" anayeweza kufuata simu kwa minara kwa elfu kumi. Mwingine ni mganga. Msitume senti. Mwambie anayedai yuko naye amuulize swali ambalo mtu wenu pekee anajua jibu lake: jina la paka, mahali pa kovu la bibi. Simu ikiwa ni ya kudai kikombozi, msikate na msikubali haraka. Ombeni kumsikia, rekodini, na mpelelezi ajue papo hapo, hata kama mmetishiwa msimwambie. Ujumbe wote, na nambari ya M-Pesa mliyotumiwa, msivifute.

Akiwa alipotelea Ghuba au nchi jirani

Ripoti bado huanzia hapa, kwa OB. Kisha andikieni Wizara ya Mashauri ya Kigeni na ubalozi wa Kenya wa nchi aliyoko, mkiambatisha nakala ya pasipoti, mkataba wa kazi, jina la mwajiri na la wakala aliyempeleka. Wakala aliyesajiliwa anawajibika kueleza aliko mfanyakazi wake; mkiona anakwepa, mpelelezi amwite. Kupitia ofisi ya Interpol iliyo makao makuu ya DCI, polisi wanaweza kuomba notisi ya manjano, ambayo huarifu polisi wa nchi wanachama kwamba mtu anatafutwa kwa sababu amepotea. Familia haiwezi kuiomba moja kwa moja, lakini inaweza kumuuliza mpelelezi kwa maandishi kama ameiomba.

Miezi ikipita

Wapelelezi huhamishwa. Kila mara OCS au mpelelezi anapobadilika, jitambulisheni upya na mpeleke nakala ya daftari. Faili likifa kabisa, andikieni kamanda wa kaunti, na nakala kwa IPOA. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ina nguvu kuliko ziara kumi.

Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia anaweza kudhaniwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hilo huhitaji mahakama, na OB ya siku ya kwanza ndiyo inayoonyesha miaka ilianza kuhesabiwa lini. Bila hiyo, mirathi, shamba na akiba yake hukwama. Kwa Waislamu, mke wa mume aliyepotea anaweza kwenda Mahakama ya Kadhi kuhusu ndoa yake, maana sheria ya Kiislamu ina utaratibu wake kwa jambo hilo. Asikae akiamini kwamba hana mlango.

Akipatikana

Nendeni kituoni siku hiyo hiyo, naye akiweza, na OB ifungwe kwa kuandikwa kwamba amepatikana. Asipoondolewa kwenye orodha, atasimamishwa kwenye kizuizi cha barabara mwaka ujao. Akiwa ameumizwa, hospitali kwanza na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, ichukuliwe mapema. Akiwa mtoto, afisa wa watoto azungumze naye mbali na nyinyi kabla hamjamuuliza maswali mengi.

Akiwa mtu mzima aliyeondoka kwa hiari yake, ana haki ya kukaa alipo. Huenda mpelelezi akawaambia yu hai na mzima, na asiwaambie yuko wapi. Msimfuate kwa nguvu. Mpeni ujumbe wenu apelekewe na mpelelezi, kwa maandishi. Kisha bandueni mabango yote, mfute picha zake mitandaoni, na kwenye kila kundi mlilosambaza andikeni "amepatikana" bila kueleza zaidi.